Kompyuta inaganda kila ikishika Wi-Fi: hatua za kumsaka mchawi

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile: "Kompyuta yangu mpakato ni nzima kabisa, ila nikiunganisha Wi-Fi tu, inaganda. Nimeshapiga Windows mara mbili, bado." Anayeuliza huwa ameshapoteza siku mbili. Mmoja amemwambia abadilishe ruta, mwingine aongeze RAM, wa tatu kamwambia mashine imeshakufa. Mara nyingi hakuna kati yao aliyemuuliza inaganda sekunde ya ngapi.

Nitaeleza nadharia kidogo tu, ile isiyoepukika. Kuganda wakati wa kushika Wi-Fi si ugonjwa mmoja. Ni magonjwa manne yenye dalili moja: draiva ya kadi ya Wi-Fi (programu ndogo inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi) inakwama na kuuburuta mfumo mzima; au mfumo unaipunguzia kadi umeme ili kuokoa betri, kisha kadi inashindwa kuamka; au programu ya ulinzi au VPN (ile inayopitisha mtandao wako kwa njia ya siri) imejichomeka katikati ya njia ya mtandao; au Wi-Fi haina kosa lolote, ila programu zote zilizokuwa zikisubiri intaneti zimeamka kwa mpigo na diski imezidiwa. Lipo la tano, kadi yenyewe kuharibika, lakini hilo liache hadi mwisho. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kuyatenganisha, kwa hiyo usiruke. Zimeandikwa kwa Windows 10 na 11, na wenye Linux wana sehemu yao baadaye.

Andaa hivi kwanza

- Simu yenye data na kebo yake ya USB. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na utaona sababu kwenye hatua ya 3.
- Flashi, na kompyuta nyingine ya kupakulia draiva.
- Modeli kamili ya mashine yako, siyo jina la kampuni tu. Huandikwa kwenye kibandiko cha chini. Mashine mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti za Wi-Fi.
- Akaunti yenye haki za msimamizi.
- Ufunguo wa BitLocker, ule wenye tarakimu 48, kama diski yako imefungwa kwa siri. Kugusa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows) kunaweza kuifanya mashine iuombe inapowaka. Kama huna uhakika, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa haki za msimamizi na uandike `manage-bde -status`.
- Nakala ya mafaili yako. Utaizima mashine kwa nguvu zaidi ya mara moja, na faili linaloandikwa wakati huo linaweza kuharibika.
- Karatasi na kalamu. Sitanii. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na ikirudia utaanza upya.

Hatua ya 1: Jua imeganda namna gani, na lini

Acha igande. Kisha, kabla hujakimbilia kitufe cha kuzimia, bonyeza Caps Lock mara kadhaa na utazame taa yake.

Taa ikiwaka na kuzima, kiini cha mfumo bado kiko hai, kuna kitu tu kimekishika koo. Subiri dakika tano kwa saa, siyo kwa kukisia. Ikijiachia yenyewe, andika imechukua muda gani, kisha uelekeze macho kwenye hatua ya 7 na ya 8. Taa ikigoma, kishale cha kipanya kikasimama, na labda sauti ikabaki inanguruma neno lilelile, basi mashine nzima imesimama na mshukiwa wa kwanza ni draiva au kifaa chenyewe. Kibodi isiyo na taa ya Caps Lock? Tumia Ctrl+Alt+Delete: skrini ikibadilika hata baada ya dakika, mfumo haujafa.

Andika pia ni lini hasa. Kuna nyakati tatu. Ya kwanza ni pale unapowasha Wi-Fi tu, orodha ya mitandao haijatokea. Ya pili ni baada ya kuingiza nenosiri, wakati inaandika kwamba inaunganisha. Ya tatu ni ikiwa imeshaunganishwa, sekunde thelathini au dakika kumi baadaye. Ya kwanza na ya pili huelekea kwa draiva, kadi au umeme. Ya tatu huelekea kwa programu na diski, ingawa draiva haijaachiwa huru.

Ili kuizima mashine iliyosimama kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi.

Hatua ya 2: Pata mashine inayokaa hai

Kama mashine hujiunga yenyewe na mtandao mara tu unapoingia, huwezi kufanya lolote: unafungua dirisha, imeshaganda. Zima ruta, au ihamishe mashine mbali na mtandao inaoujua, ndipo uiwashe. Ikiwaka, weka hali ya ndegeni.

Kama huganda hata bila mtandao kuwa karibu, ingia kwenye Safe Mode, hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu: kwenye skrini ya kuingilia, shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", na mwishowe bonyeza namba 4. Hapo bonyeza Windows+R, andika `devmgmt.msc` ili kufungua Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine, fungua kundi la "Network adapters", bofya kulia kadi ya Wi-Fi na uchague "Disable device". Washa upya kawaida.

Kuwa makini na neno hili la "kuwasha upya". Katika Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida mara nyingi si kuzima kamili: kipengele cha Fast Startup huhifadhi hali ya kiini na draiva kwenye diski na kuirudisha ukiwasha. Draiva iliyolala ikiwa imekwama inaweza kuamka vivyo hivyo. Watu huzima na kuwasha mara kumi wakidhani wanaanza upya. Tumia Restart, au andika `shutdown /s /t 0`, ambayo huzima kwelikweli.

Hatua ya 3: Jaribio la kebo ya simu

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Kadi ya Wi-Fi ikiwa imezimwa kwenye Device Manager (kama hukuizima kwenye hatua ya 2, izime sasa kwa njia ileile), chomeka simu kwa kebo na uwashe kwenye simu huduma ya kugawa intaneti kupitia USB. Kompyuta sasa ina intaneti, ila Wi-Fi yake haishiriki hata kidogo. Tumia mashine kama kawaida kwa angalau nusu saa: fungua kivinjari, tazama video, acha programu zako zijisasishe. Angalia salio la data, maana Windows ikipata njia inaweza kupakua masasisho makubwa bila kukuuliza.

Ikiganda vilevile, umejiokoa na wiki nzima ya kuhangaika na draiva za Wi-Fi. Kinachoigandisha ni jambo linalotokea mtandao ukifika, kwa njia yoyote ile. Soma hatua ya 4, kisha nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Isipoganda, mchawi yuko ndani ya Wi-Fi yenyewe. Sasa chomoa kebo, washa kadi tena, na ujaribu mtandao tofauti, kwa mfano Wi-Fi inayorushwa na simu hiyohiyo. Inaganda kwenye kila mtandao, au kwenye ruta moja tu? Andika jibu.

Niliwahi kupuuza jaribio hili kwenye mashine yangu mwenyewe. Nilibadilisha draiva nne kwa siku mbili, kumbe ni programu ya kuhifadhi picha mtandaoni iliyokuwa ikikagua folda kubwa kila ikionja intaneti. Kebo ingeniambia kwa nusu saa.

Hatua ya 4: Isikilize mashine

Bonyeza Windows+R, andika `perfmon /rel`. Utaona kalenda ya afya ya mashine, na alama nyekundu siku za matatizo. Tafuta siku tatizo lilipoanza, kisha utazame siku hiyo kilisakinishwa nini. Mara nyingi jibu liko hapo wazi: sasisho la draiva, kinga mpya ya virusi, VPN.

Halafu fungua `eventvwr.msc`, sehemu ya "Windows Logs", kisha "System". Utakutana na tukio namba 41 la Kernel-Power, na hapa ndipo wengi hupotea. Namba 41 haisemi kwamba umeme au betri ni mbovu. Inasema tu kwamba mara ya mwisho mashine haikuzimwa vizuri, jambo unalolijua kwa sababu ni wewe uliyeizima. Soma yaliyoandikwa dakika mbili tatu kabla ya kuganda:

- Majina yanayoanza na Netwtw ni draiva ya Intel ya Wi-Fi, na yanayoanza na rtwlan ni ya Realtek. Yakijirudia kila inapoganda, nenda hatua ya 5.
- Tukio 129 la storahci, au 153 la disk, ni diski inayochelewa kujibu. Nenda hatua ya 8.
- WHEA-Logger ni malalamiko ya vifaa vyenyewe. Usiyapuuze, lakini jaribu kwanza hatua ya 6, kwa sababu njia ya kadi ikichezewa umeme nayo huweza kuyaleta.
- Hakuna kitu kabisa? Ni kawaida. Mashine iliyosimama ghafla haipati nafasi ya kuandika.

Kuna ripoti nyingine nzuri ambayo wachache huijua. Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika `netsh wlan show wlanreport`. Itakutengenezea ukurasa wenye historia ya Wi-Fi ya siku tatu zilizopita na kukuonyesha ulipohifadhiwa.

Hatua ya 5: Draiva, kwa utaratibu

Hii hufanywa na karibu kila mtu, na wengi huifanya vibaya: hubofya "Update driver", Windows inajibu kwamba draiva bora ipo tayari, basi wanahitimisha kwamba draiva haina tatizo. Jibu hilo lina maana moja tu, kwamba Windows haijaona nyingine ya kukupa.

Fuata mpangilio huu, na baada ya kila kipengele washa upya na ujaribu.

1. Andika toleo ulilonalo. `netsh wlan show drivers` itakupa jina la kadi, toleo la draiva na tarehe yake.
2. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, fungua sifa za kadi kwenye Device Manager, ukurasa wa "Driver", ubofye "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna toleo la nyuma lililohifadhiwa.
3. Jaribu toleo jingine lililomo tayari ndani ya mashine. Chagua "Update driver", "Browse my computer for drivers", kisha "Let me pick from a list". Ukiona matoleo mawili au zaidi ya kadi yako, chukua la zamani. Hakuna kupakua chochote, na nimeona likitibu mashine nyingi kuliko draiva mpya zilivyotibu.
4. Bado? Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kwa modeli yako kamili, na uiweke kwenye mashine kabla ya kuondoa ya sasa. Kisha chagua "Uninstall device", weka tiki kwenye kisanduku cha kufuta na draiva yenyewe, washa upya, usakinishe ile uliyopakua.
5. Ikishindikana, ndipo uende kwa mtengenezaji wa kadi. Draiva zao huwa mpya zaidi, ila hazijajaribiwa kwa mashine yako mahususi.

Usiweke tiki ile bila kuwa na draiva mkononi. Utabaki na kompyuta isiyo na Wi-Fi ikikuomba uingie mtandaoni kutafuta draiva ya Wi-Fi. Na kaa mbali na programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Hubadilisha vitu kumi usivyoviomba, na karatasi yako inakosa maana.

Ukipona kisha ugonjwa ukarudi baada ya siku chache, angalia toleo tena. Yawezekana Windows Update imekurudishia draiva mbovu. Rudia kipengele cha 3 na usitishe masasisho kwa muda.

Ukiwa bado kwenye tovuti ya mtengenezaji, tazama kama kuna sasisho la BIOS linalotaja Wi-Fi au kusimama kwa mfumo. Lisakinishe ukiwa umechomeka chaja, betri ikiwa na chaji, na usiiguse mashine hadi imalize.

Hatua ya 6: Umeme

Jaribu kwanza kwa kulinganisha. Unganisha Wi-Fi ukiwa umechomeka chaja, halafu ukiwa kwenye betri peke yake. Kama huganda kwenye betri tu, au baada tu ya mashine kuamka usingizini, umeshaujua ugonjwa.

Kwenye Device Manager, sifa za kadi, ukurasa wa "Power Management", ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Kwenye mashine nyingi za miaka ya karibuni ukurasa huo haupo, hujakosea.

Kisha fungua `powercfg.cpl`, badilisha mipangilio ya kina ya mpango unaoutumia. Kwenye "PCI Express" weka "Link State Power Management" kuwa "Off". Kama ipo, "Wireless Adapter Settings" iweke "Maximum Performance". Betri itaisha mapema kidogo.

Mwisho, toa umeme wote. Kadi inaweza kukwama na kubaki imekwama hata ukiwasha upya, kwa kuwa huendelea kupata umeme mdogo mashine ikiwa imezimwa. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini, subiri dakika moja, ndipo uwashe.

Hatua ya 7: Programu zilizojichomeka njiani

Programu za kuzuia virusi, VPN na zile za kuunda kompyuta pepe huweka vichujio vyao kwenye kila kifaa cha mtandao. Hata ukizizima, kichujio hubaki. Fungua `ncpa.cpl`, bofya kulia Wi-Fi, chagua "Properties". Kwenye orodha, chochote chenye jina la programu uliyoisakinisha wewe, ondoa tiki yake na ujaribu. Vya Microsoft viache.

Kinga mbili za virusi kwenye mashine moja ni wake wenza wasiosalimiana. Baki na moja, na nyingine iondoe kwa kiondoaji rasmi cha walioitengeneza, kwa sababu njia ya kawaida huacha mabaki.

Usipomjua mwenye kosa, fungua `msconfig`, ukurasa wa "Services". Weka tiki kwanza kwenye "Hide all Microsoft services", kisha zima zote zilizobaki, washa upya, unganisha. Ukisahau tiki hiyo utazima huduma za mfumo, pamoja na ile inayoendesha Wi-Fi, na utadhani umeharibu kadi. Mashine ikitulia, rudisha nusu ya huduma. Ikiganda, mhalifu yumo kwenye nusu hiyo. Isipoganda, yumo kwenye nyingine. Endelea kugawa kwa mbili. Huduma 32 humalizika kwa majaribio matano.

Hatua ya 8: Diski na kumbukumbu

Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc kabla ya kuunganisha, ukurasa wa "Performance", uache ukionekana. Unganisha, utazame. Diski ikipanda hadi 100% na kukaa hapo huku mashine ikiitika kwa shida, hiyo si kuganda kwa Wi-Fi, ni foleni. Diski za kuzunguka pamoja na RAM ya GB 4 ndio wagonjwa wa kawaida: sasisho, kinga ya virusi na programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni huamka dakika ileile.

Thibitisha kwa kuuweka mtandao huo kama wa kulipia kwa kipimo, "Metered connection", kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Windows itaahirisha upakuaji mwingi. Ikitulia, punguza programu zinazoanza zenyewe, na ukiweza weka SSD, diski isiyozunguka, ambayo kwa mashine ya namna hii ina faida kuliko kitu kingine chochote utakachokinunua.

Kama uliona tukio 129 au 153, hifadhi mafaili yako leo, siyo kesho. Kupima RAM, andika `mdsched` kwenye Windows+R na uiache ikague.

Hatua ya 9: Lugha kati ya kadi na ruta

Hii ni ya wale wanaoganda kwenye ruta moja tu. Sahau mtandao huo na uunganishe upya. Kwenye sifa za kadi, ukurasa wa "Advanced", tafuta hali ya 802.11 na uishushe ngazi moja, mfano kutoka ax hadi ac. Kadi ikiruhusu kuchagua bendi, jaribu GHz 5 pekee, kisha 2.4 pekee. Kama ruta ni yako, iweke kwenye ulinzi wa aina ya WPA2 badala ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, kwa ajili ya jaribio tu. Zima pia Bluetooth, kwa sababu mara nyingi hukaa kwenye kadi moja na Wi-Fi na hutumia bendi ileile ya GHz 2.4.

Kuhusu "Network reset", ambayo kila mtu huikimbilia kwanza: hufuta mitandao yote iliyohifadhiwa na kusakinisha upya adapta zote, lakini draiva inayorudi ni ileile. Kwa mtandao usioshika husaidia. Kwa mashine inayosimama kama sanamu, sijaona ikisaidia mara nyingi.

Hatua ya 10: Kadi yenyewe

Azima adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB, zima kadi ya ndani, tumia hiyo siku nzima. Ikiwa shwari kabisa, na draiva umeshazimaliza, kadi ya ndani ndiyo mbovu, au imelegea kwenye kiota chake.

Kama una mkono mtulivu, fungua mashine: zima, chomoa chaja, na chomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kingine chochote. Chomoa nyaya za antena kwa kuziinua wima, usizivute kwa pembeni, kwani vichwa vyake hupinda kirahisi. Toa kadi, irudishe, kaza skrubu.

Ukinunua kadi mpya, usiangalie umbo peke yake. Intel AX201 na AX210 hufanana kwa macho, lakini AX201 hufanya kazi tu kwenye mashine zenye mfumo wa Intel uliotengenezewa kadi za aina hiyo, wakati AX210 ni ya PCIe ya kawaida. Baadhi ya kompyuta za zamani pia hukataa kuwaka zikiwa na kadi isiyomo kwenye orodha yao. Wengine huamua kuendelea na adapta ya USB, nami siwalaumu.

Wenye Linux

Baada ya kuganda na kuwasha upya, andika `journalctl -k -b -1` usome mistari ya mwisho ya kiini kabla ya mauti. `lspci -nnk` itakutajia kadi na moduli inayoiendesha. Zima uokoaji umeme kwa `sudo iw dev wlan0 set power_save off`, ukiweka jina la kadi yako badala ya wlan0. Isiposaidia, ongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa kuwashia kiini, kwa kuhariri menyu ya GRUB (ile inayotokea kabla Linux haijawaka) mara moja tu, ili ikigoma usibaki nayo. Kisha jaribu kiini cha toleo jingine, kipya au cha zamani, maana draiva nyingi za Wi-Fi husafiri pamoja na kiini. Mashine ikisimama, kabla ya kuizima kwa nguvu shikilia Alt na SysRq (mara nyingi ni kitufe cha Print Screen), uandike polepole R, E, I, S, U, B. Ikiwaka upya, kiini kilikuwa hai. Baadhi ya matoleo ya Linux huziwekea mipaka herufi hizo, hivyo ikikataa usihitimishe lolote.

Ukikwama

*Haigandi tena, ila Wi-Fi imetoweka.* Device Manager, menyu ya "View", "Show hidden devices". Kadi ikiwa imefifia, rudia kutoa umeme kwenye hatua ya 6. Isipokuwepo kabisa, angalia kama imezimwa kwenye BIOS, kisha hatua ya 10.

*Kadi ina alama ya njano na Code 10.* Draiva imeshindwa kuianzisha. Toa umeme wote kwanza, kisha hatua ya 5.

*Badala ya kuganda, inaleta skrini ya bluu.* Hiyo ni bahati. Piga picha ya jina la kosa na la faili linaloishia na .sys. Ikiandika DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL pamoja na faili la Wi-Fi kama Netwtw10.sys, huna haja ya kubahatisha, ni hatua ya 5.

*Nimepiga Windows upya na bado inaganda.* Baada ya kusakinisha, Windows hujiletea draiva zake yenyewe, na huenda ni ileile uliyoikimbia. Kabla ya kuunganisha intaneti kwa mara ya kwanza, weka draiva ya mtengenezaji kutoka kwenye flashi.

*Inaganda hata nikiwa nimeizima Wi-Fi kwenye BIOS.* Basi Wi-Fi ilikuwa inasingiziwa. Pima RAM na diski kama ilivyo kwenye hatua ya 8, angalia joto na feni, na ubadilishe draiva ya picha kabla ya kumpelekea fundi. Ukimpelekea, mpe na ile karatasi.